Mzizi wa Mjomba Ambindwile

Ikuti, Rungwe
12 Machi 2001

Mpwa wangu Lugano,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya huku, ambayo haijakata tangu Januari. Sisi hatujambo, migomba haijambo. Hofu ni kwako huko Morogoro kwenye duka la dawa.

Mjomba wako wa darasa la nne ameoa tena. Anaitwa Tulia, na watu wanasema umri wangu umerudi nyuma. Juzi nimepanda kutoka bondeni na mikungu minne ya ndizi: miwili mabegani, mmoja kichwani, wa nne sikumbuki niliushikaje. Wanauliza siri. Nawaambia ni mzizi wa Mlima Rungwe, unaochimbwa na mtu aliyefumba macho.

Wewe nakuambia ukweli. Ni vidonge vya buluu, vya pembe nne, navinunua kwa mfanyabiashara atokaye Tunduma. Soko huria limeleta kila kitu. Bila hivyo Tulia angekuwa ameolewa na gogo.

Sasa baba yako. Shemeji Anyitike ananitania kila siku: "Umeanza kula peke yako, Ambindwile?" Unajua tangu kuchunga ndama tumekula sahani moja, na kwetu anayekula peke yake hutazamwa vibaya. Je, vidonge hivi vina madhara?

Mjomba wako,
Ambindwile


Morogoro
30 Machi 2001

Shikamoo Mjomba,

Sijambo, kazi zinaendelea. Hongera ya ndoa.

Dawa yenyewe si mbaya, ikitolewa na daktari aliyekupima moyo na presha. Hiyo ya mfukoni mwa mfanyabiashara hatujui ndani yake kuna nini. Iache, kapime kwanza.

Lakini baba, hapana, hata robo. Moyo wake ni mgonjwa. Kifua kikimbana anaweka kidonge chini ya ulimi. Kidonge kile na hiki cha buluu vikikutana mwilini, presha inaanguka ghafla, na mtu anaweza kufa. Kama amekwisha kumeza na kifua kikabana, mwambie daktari kabla hajapewa chochote. Usione aibu. Daktari hacheki.

Nijibu upesi: umempa?

Mpwa wako,
Lugano


Ikuti
6 Mei 2001

Mpwa wangu,

Salamu tele. Barua yako nimeipata, ndaga fijo kwa kutujali.

Huku kuna chui. Amekula mbuzi wawili wa jirani yetu Simon. Nikamkuta kwenye migomba, nikamtazama, akanitazama, akaona haya, akaondoka. Nilipowasimulia wenzangu, baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Ni mzima. Kanisani anaimba besi mpaka kengele inaitikia.

Mengine tutaongea ukija.

Mjomba wako,
Ambindwile


Morogoro
28 Mei 2001

Mjomba Ambindwile,

Nimefika salama kutoka kumzika baba.

Pale matangani hukusema neno. Watu walishangaa; mimi nikadhani ni uchungu. Jana nimepata barua ya mama. Anasema baba alikuwa anakunywa unga wa mzizi wako, uliomfungia kwenye vikaratasi, na kikaratasi cha mwisho kina chembechembe za buluu.

Nilikuuliza swali moja mwezi wa tatu. Naliuliza tena.

Lugano


Ikuti
16 Juni 2001

Lugano,

Shikamoo hukuandika, ila marahaba yako naiacha hapa.

Nilimpa. Nilivisaga nikachanganya na mzizi wa kawaida tu, ili asijue. Barua yako ilipofika alikuwa bado na vikaratasi viwili. Nikaenda kuvichukua. Nikamkuta na Amoni na wenzetu wengine wanakula. Akasema, "Mpisheni shemeji, dume la Ikuti." Wakacheka. Ningesema nini? Kwamba dume la Ikuti linasimama kwa vidonge vya Tunduma? Nikakaa, nikala, nikawasimulia chui. Hapakuwa na chui. Mbuzi wake Simon aliwauza mwenyewe.

Siku ya sita baada ya kukuandikia ile barua ya Mei, kifua kikambana. Tulimpeleka hospitali kwa lori la majani ya chai. Daktari ni binti wa umri wako, Marietha. Akauliza, "Kuna dawa nyingine amemeza tangu jana? Hata ya kienyeji? Hata hizi za wanaume?" Mama yako akasema hakuna. Mchungaji alikuwa amesimama pale, na mbele yake mizizi haitajwi. Baba yako hakuweza kusema, akanitazama mimi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Mimi ninayesema hata nisipoulizwa, nikatazama dirisha. Daktari akamwekea kidonge chini ya ulimi.

Juzi nilimpelekea Daktari Marietha vidonge vilivyobaki, nikamweleza yote. Hakucheka, kama ulivyosema. Jana nikamweleza dada yangu, mama yako. Hakulia. Alichukua ndoo akaenda mtoni, na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Leo Amoni amekuja kuniita tukale, anasema nisijifungie na msiba. Nimemwambia nimeshiba. Kisha nikachemsha ndizi, nikakaa nyuma ya nyumba.

Baba yako aliniuliza kama nimeanza kula peke yangu. Nimeanza.

Ambindwile