Namba Tasa Juu ya Mlango wa Mwalimu

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI, CHAMA CHA WAPENDA HESABU
Jumamosi, saa nne asubuhi, chumba kipya cha hesabu, shuleni

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (fundi saa), Mhazini (mwenye duka la dawa, maarufu Desimali), Katibu.
MWALIKWA: Mjane wa Mwalimu aliyeanzisha chama.
HAKUHUDHURIA: Makamu Mwenyekiti, anamwuguza mama mkwe.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa baada ya viti kupatikana.

KUMB. NA. 2/ NAMBA YA MLANGONI
Mwenyekiti alieleza kwamba chumba kinapewa jina la marehemu Mwalimu, na juu ya mlango iandikwe namba aliyoipenda: 73939133. Hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukifuta tarakimu ya mwisho inabaki 7393913, tasa pia. Endelea kukata mkia hadi ibaki 7 peke yake, kila hatua ni tasa. Kubwa kuliko hiyo yenye sifa hiyo hakuna.

KUMB. NA. 3/ PINGAMIZI
Desimali alipinga. Alisema watu wa mtaani hawajui hesabu, wanajua maneno. Mwalimu na mkewe hawakujaliwa mtoto; kuweka namba iitwayo "tasa" mlangoni ni kumtonesha mjane kidonda. Mwenyekiti alisema mjumbe anapinga kila kitu tangu ashindwe uchaguzi. Katibu aliagizwa aliandike hilo, kisha akaagizwa alifute. Limebaki.

KUMB. NA. 4/ MANENO YA MJANE
Mjane aliomba kusema.

"Shemeji, asante kwa kunionea huruma. Lakini neno hilo mawifi zangu waliniita jikoni kwangu, nikiwapakulia chakula. Siku walipomletea Mwalimu mke wa pili, aliwakalisha kitako, akachukua chaki, akaandika namba hiyo mlangoni. Akasema, 'Kila namba mnayoijua, ama ni tasa, ama imezaliwa na tasa. Hizi ndizo mama wa namba zote. Sasa mrudisheni binti wa watu kwao.'"

Desimali alitaka ieleweke kwamba moja haimo. Mjane alisema Mwalimu naye aliitoa moja.

Aliongeza kwamba walimkata kila upande, wakamtoa hata kwenye shughuli za ukoo, naye hakugawanyika. "Andikeni namba. Na neno lenyewe liandikeni chini yake, lisomeke toka barabarani."

Desimali alimwomba radhi shemeji yake, naye akaipokea.

KUMB. NA. 5/ UAMUZI
Hoja ilitolewa upya na Desimali, ikaungwa mkono na Mwenyekiti, ikapita bila kupingwa. Mchora mabango aliitwa ndani. Alisema mlango ni mwembamba, akauliza kama tarakimu mbili tatu zinaweza kupunguzwa.

Desimali alimjibu, "Ukiipunguza haiharibiki, fundi. Ila leo hatupunguzi."

Kikao kilifungwa saa tano na nusu, ngazi ikiwa tayari imeegemezwa mlangoni.

MWENYEKITI: ....................
KATIBU: ....................