Maharage Yaliyorudi

Patrick na Jeannine,

Maharage niliyopeleka kanisani yamerudi yote. Yapasheni mle, hayana neno.

Mnajua kule kila nyumba inamimina chakula chake kwenye sufuria moja, tunakula pamoja. Mimi kwa furaha nikasema dada yenu Emelyne jana kapata nguvu kidogo, kayachambua mwenyewe pale kitandani. Mama Selestine akanishika mkono. "Ya kwako weka pembeni kwanza." Yakakaa pembeni mpaka watu wakatawanyika.

~~Sirudi tena kule.~~ Nimekwenda kule kuosha masufuria, zamu ni yangu.

Emelyne mpeni uji, na dawa ya kikohozi saa kumi. Haya maharage asiyaone. Akiuliza, mwambieni walikomba sufuria, wanamsalimia sana.

Mama yenu