Ukuta wa Mfano

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine mpelekee mama miguuni. Mimi mzima, nang'aa kama sufuria mpya.

Kibali kimetoka! Tunamjengea mama chumba cha chini, nyuma ya nyumba ya babu, kikiegemea ukuta wake. Ila kwa kuwa nyumba imeandikishwa kuwa ya kale, tumepewa masharti kama ya mganga: saruji marufuku, chokaa tupu; kimo kisipite ukuta wa zamani; na kwanza nijenge kipande cha ukuta wa mfano. Mkaguzi akikipitisha, chumba kizima kifanane nacho.

Mimi niliyejenga miji mitatu nitishwe na kipande cha ukuta? Nitampigia ukuta mpaka atake kuuposa!

Mdogo wako, Fundi wa Mafundi


19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa magoti ya mama. Hii ghorofa ya tatu imemfunga. Kushuka ni mpaka abebwe, naye hataki: "Mimi si gunia." Kila siku ananiuliza mlango wa chumba chake utaelekea wapi.

Mwisho wa Mei nahamishwa kikazi, na nyumba hii ya ofisi narudisha. Kwa babu chini kuna duka la mpangaji, na vyumba vya kulala viko juu. Mama kaapa hapandi tena ngazi duniani. Bila chumba hicho sijui nimlaze wapi. Punguza mdomo, jenga.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Shikamoo. Afya ipo, usingizi ndio umehama.

Ukuta wa mfano nimeumaliza. Mawe nimeyachagua moja moja kama mtu anayechagua mchele. Lipu nimeisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka inateleza. Wapita njia walisimama! Mkaguzi, mama mmoja wa miwani, akaupapasa, akauliza, "Fundi, hii ndiyo kazi yako ya kawaida?" Watu wanasikia, dada. Ningesemaje? Nikasema, "Hapo nilikuwa na mafua."

Akaupitisha. Sasa chumba chote lazima kiwe hivyo hivyo. Kwa kijiko! Kwa mwendo huu mama ataingia mwakani.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mafua yako yametuponza. Piga saruji ndani, pakaza chokaa juu. Nani atachungulia? Mama ameshafunga nguo zake.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole na hasira, nazistahili.

Saruji hapana. Sisemi kwa kumwogopa mkaguzi. Ukiibandika kwenye ukuta wa kale, unyevu unakosa pa kutokea, na ungemlalia mama kwenye magoti yale yale.

Nilimfuata mkaguzi ofisini, ndevu nimenyoa.

"Mama, ule ukuta ulikuwa wa kujionyesha."

"Nilijua."

"Sasa mbona ukaupitisha?"

"Ulisema ndiyo kawaida yako. Mimi nani nikubishie?"

Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta macho. "Haya, nijengee mwingine. Chokaa ile ile, imara, mkono wako wa kila siku. Ila ule wa kwanza uvunje. Siwezi kuacha mifano miwili kwenye kiwanja kimoja."

Nimeuvunja leo. Kibarua alitaka kunisaidia, nikamnyang'anya nyundo. Ulikuwa mzuri, dada. Sikudanganya yote.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Sote wazima. Barua yako nilimsomea mama. Akasema, "Huyo mtoto ale vizuri." Mkaguzi kasemaje?

Dada yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Mfano wa pili kaupitisha tangu mwezi jana! Kuta zimesimama, paa liko juu. Mlango unaelekea uani, mwambie. Mleteni.

Mdogo wako


6 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumai umefika salama na kituo kipya kimekupokea. Hapa wazima.

Ulipomfikisha mama na kuondoka, alijifungia chumbani kwake, nami nikadhani analia. Nikakaa nje ya mlango na vichekesho vyangu vyote tayari. Nilichosikia ni mkoromo.

Leo asubuhi nikakuta kitanda kitupu. Nikatoka mbio, kumbe yuko uani, peke yake, hakushikwa na mtu, anafagia vifusi na kumtukana fundi aliyeacha uchafu wote huu.

"Fundi gani huyu asiye na haya?"

Nikamshikia koleo la kuzolea. Sikumwambia jina.

Mdogo wako