Yaya, Ule Wavu Sitauleta

Banana, kwenye mdomo wa mto Zaïre

Yaya Murhula, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nyumba yote ya Muhumba, kuanzia kwa Maman mpaka kwa yule mbuzi wenu mkorofi, kama hamjamla bado. Mimi niko mzima. Mikono tu ndiyo imepasuka kwa chumvi, na hilo usimwambie Maman. Mgongo wake unaendeleaje? Na wewe, ile homa ilikuacha kweli, au unasema imekuacha ili shemeji Mama Nsimire akuruhusu kwenda ziwani?

Barua yako ilitaka kupotea. Uliandika "Petro" juu ya bahasha, na hapa hakuna anayemjua Petro. Tangu serikali ituambie tuache majina ya wazungu, kwenye karatasi za meli mimi ni Mugisho tu. Mtu wa posta akauliza Petro ni nani. Nikamwambia ni mimi, kwetu habari hazijafika mpaka leo. Akacheka, akanipa.

Nimefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako mmeunganisha mitumbwi mitatu na mnavua sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwani. Nimeelewa pia unachotaka. Unasema wavu wenu una macho makubwa, jirani anavua kwa macho madogo na kujaza mitumbwi, nyinyi mnarudi na mboga ya siku moja, na mimi mtu wa meli siwezi kukosa kipande cha wavu wa macho madogo cha kukuletea. Nitakujibu. Vumilia kwanza nikueleze yaliyotupata huku.

Nilipoanza kazi hii, tulikuwa hatuendi mbali. Nchi kavu bado unaiona, na wavu umeshakuwa mzito. Tulivua mpiodi, wale samaki wa baharini wanaouzwa wakiwa wamegandishwa kwa baridi, na mmoja alikuwa na urefu wa kutoka kwenye vidole vyangu mpaka kwenye kiwiko. Kila mwaka tukawa tunaenda mbali zaidi, na samaki wanazidi kuwa wafupi. Mwisho walikuwa kama kiganja. Kapiteni wetu, mzungu mwenye hasira za karibu, akaamuru tushone wavu wa pili, wa macho madogo sana, ndani ya ule wa kwanza, asiponyoke hata mmoja.

"Mulete ule kijana wa ziwa," akasema Tata Mabiala, mkubwa wetu wa kazi za juu ya meli, mtu wa Moanda. "Kwabo banavuaka samaki kama misumari, ataweza."

Walicheka, lakini waliniita. Papa wetu alitufundisha mafundo vizuri, unajua. Nilishona, na nilijivuna, sitakudanganya.

Mwanzoni wavu ulijaa mpaka kapiteni akatununulia bia. Lakini ungeona kilichojaa humo! Wengi walikuwa wadogo, bado hawajazaa hata mara moja. Wakubwa wachache waliopatikana walikuwa na mayai tumboni. Chumba cha baridi kilichukua wale wa kipimo tu. Waliobaki tuliwarudisha majini kwa koleo, wakiwa wamekufa, na maji nyuma ya meli yakawa meupe kwa matumbo yao. Nilimfikiria Maman anavyokwangua sufuria ili mchuzi utoshe watu wote.

Msimu uliofuata tulirudi palepale. Kuna mashini inayoonyesha samaki walio chini ya maji, nayo haikuonyesha kitu. Kapiteni akaipiga ngumi, akasema imekufa. Tulipofika bandarini akaitiwa fundi; huyo akaifungua, akaiangalia, akaifunga.

"Mashini iko muzima, patron," fundi akasema. "Samaki ndiyo hakuna."

Sisi tulicheka nyuma ya kapiteni. Safari iliyofuata tulirudi vilevile mikono mitupu, na hakuna aliyecheka tena.

Tata Mabiala ana dada yake, Mama Luzolo, anayekausha samaki kwa moshi pale Moanda. Mume wake anavua kwa mtumbwi karibu na pwani, na siku hizi analeta kaa tu. Basi huyo mama ikabidi aje kwenye meli yetu kununua vile vidogo vichache, ambavyo sasa hatukuvitupa tena. Alimgeuza mmoja kwa kidole, akaniangalia.

"Mugisho, kwenu munangoaka maharagi ikingali na maua?"

Nilimfungia samaki wake, akaenda.

Sasa habari yenyewe. Meli imesimama, Yaya. Wenye meli wanasema kwenda baharini ni hasara, wataiuza, na sisi wote tutoke. Sina kazi. Naona aibu kuyaandika haya kwako, wewe uliyeuza baiskeli yako ili nisafiri. Ninarudi nyumbani, na kazi ninayoitumaini ni ile ya mtumbwini mwako.

Tulipokuwa tunatoa vitu melini, Tata Mabiala alinipa ule wavu wa ndani. "Beba," akasema, "uliushona wewe." Ni ule ule unaouomba. Nilikaa nao siku kadhaa, nimeuweka chini ya kitanda, nikiona jinsi utakavyonipokea nikifika nao, na jinsi utakavyonipokea nikifika bila huo. Kisha nikampelekea Mama Luzolo. Ameuzungushia kuku wake.

Usiitupe barua, soma mpaka mwisho. Bahari haina ng'ambo, Yaya. Unaangalia mpaka macho yanachoka, ni maji tu. Na maji hayo yote tumeyamaliza samaki mimi nikiwa naona, kabla hata sijaota mvi. Ziwa letu, ukisimama Muhumba, unaona vilima vya Rwanda na mashamba yake. Tukiziba macho ya wavu, litachukua muda gani? Sambaza wenyewe waliletwa kutoka ziwa Tanganyika, Papa alitusimulia. Wakiisha, tutamwomba nani atuletee tena?

Najua utasema jirani atavua tu hata nyinyi mkiacha. Ni kweli, na sina jibu zuri. Nikifika nitaenda kwake mwenyewe, nimwonyeshe kwenye mkono wangu samaki wa kwanza walifika wapi na wa mwisho walifika wapi. Labda atanifukuza. Lakini wewe, nakuomba kwa heshima yote, usikubali wavu wa namna hiyo hata mtu akikupa bure.

Msalimie Maman sana, mwambie ninakuja, habari ya kazi nitamwambia mimi. Salamu kwa shemeji yangu Mama Nsimire na watoto, kwa dada yetu aliyeolewa kule Mudaka, na kwa mjomba wetu, tonton wa Lwiro, anayelinda mlango wa kituo cha wasomi. Wenzako wa mtumbwini wasalimie pia, hata wakiisha kunisema vibaya.

Nitapita nchi kavu mpaka nivuke maporomoko, kisha nitapanda boti ya mto mpaka Kisangani, halafu malori. Wewe ni mkubwa wangu. Ukikasirika, kasirika, nitainamisha kichwa. Ukiona hakuna nafasi yangu mtumbwini, niandikie posta ya Kisangani, nijue mapema. Nitaisoma barua yako, nitaikunja, nitaitia mfukoni, na lori la Bukavu nitapanda vilevile, kwa sababu kwetu ni huko.

Mdogo wako anayekupenda,
Mugisho