Hedifoni za Kufunika Masikio

Jumatatu, 10 Machi

Na bado nasema mwenye makosa ni muuza duka. Sikwenda pale kuomba, nilikwenda kubadilisha kitu kibovu! Mume wangu (mwezi wa pili huu nalitamka neno hili na bado linanitekenya ulimi) alizivaa hedifoni siku moja tu. Jioni akazivua: upande wa kushoto hautoi sauti. Mpya kabisa, hata harufu ya boksi haijaisha!

Muuza duka akazijaribu. Eti zinalia pande zote, dada, labda simu ya bwana. Nikamwambia simu ya bwana haina tatizo na bwana mwenyewe hana tatizo. Wateja wakacheka. Akanibadilishia huku kanuna.

Inaniuma kwa sababu nilizichagua mwenyewe. Mimi nashona mapazia na mito, sifongo naijua kwa kidole. Za bei ya chini kabisa ngozi yake inababuka kabla ya msimu kwisha. Zenye matundu kwa nyuma, wimbo unavuja, jirani anasikiliza bure. Yeye alitaka zilizozibwa kabisa, kubwa, zifunike sikio lote, na zisimchome kichwa njiani kwenda kazini kwake ghalani. Nikazipata, tena za mfuko wetu. Kumbe takataka.

Jumatano, 12 Machi

Na hizi nazo! Kushoto kimya. Jamani, tuna mkosi gani?

Yeye wala hakufoka. "Basi mke wangu, acha tu, nitazivaa hivyo hivyo." Mpole! Nani mwingine ana mume kama huyu? Wifi yangu, ambaye yuko kwetu mpaka apate kazi, akacheka puani: "Utamaliza maduka, wifi." Nikamuuliza kinachochekesha ni nini. Hakuna. Akaenda kuosha vyombo — yeye! vyombo! — bila kuambiwa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempeleka mwenyewe, duka jingine. Muuzaji mama wa makamo, mcheshi. Za kwanza zilimbana. "Hiki kichwa cha mwenye nyumba," akasema, "hakiingii kwenye za wapangaji." Tukacheka sote watatu. Akatoa nyingine, nyepesi, mto wake laini kama shavu la mtoto. Mume wangu akatabasamu. Zinamkaa vizuri mno!

Mama akaweka sauti ya kupimia. Mwanamke anasema "kushoto" upande mmoja, halafu "kulia" upande wa pili. Umesikia, baba?

"Kulia. Kulia tu. Kushoto mbovu."

Nikalipuka. Mara ya tatu! Nyie wenye maduka mna nini? Yule mama alizitoa kichwani kwa mume wangu akanivika mimi. "Kushoto," ikasema ile sauti, safi, kama mtu aliyeniinamia kunipa siri. Kisha "kulia". Akanivua, akamvika tena mume wangu, safari hii amezigeuza nyuma mbele.

"Na sasa?"

"Kushoto," akasema. "Kushoto tu."

Akasikia mwenyewe alichosema. Akazivua polepole. "Tulipe twende."

Tukarudi kwa miguu. Mimi upande wake wa kulia, kama anavyoniweka siku zote. Na nilivyokuwa nikiwatambia wenzangu: wangu ana nafasi yangu maalumu ubavuni!

Jumamosi, 15 Machi

Amesema. Homa ya utotoni, akiwa darasa la tano. Sikio la kushoto halijasikia kitu tangu hapo. Jioni ile nilipomuuliza kama zinalia pande zote, aliona heri hedifoni zionekane mbovu kuliko yeye. Mama yake anajua. Dada yake anajua. Hata aliyemsimamia kwenye harusi! Mama ndiye aliyewaambia wanyamaze mpaka niolewe: "Msichana atakimbia."

Ningekimbia? Sijui. Hakuna aliyeniuliza.

Kitandani mimi nalala kushoto kwake. Mambo niliyomnong'oneza pale! Mambo ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Naye alikuwa akitabasamu.

"Ulikuwa unatabasamu nini sasa?"

"Nilikuwa nahisi pumzi yako."

Nikashindwa kulia, nikashindwa kumbusu. Nikaenda kukunja vitambaa.

Jumapili, 16 Machi

Pazia la mteja nimelishona ndani nje. Nimefumua. Nimeshona tena ndani nje.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi katoka na hedifoni masikioni, na simu yake iko mezani inachaji. Nikamkimbilia nayo mpaka mlangoni. Umesahau simu, unasikiliza nini?

Hasikilizi kitu. Akaniambia hivi: ghalani mtu akimwita asipogeuka, wanasema ana dharau. Akiwa amevaa, wanasema yuko kwenye muziki wake, wanakuja kumgusa bega. Ndiyo maana alizitaka kubwa. Ndiyo maana zilizozibwa. Na mimi nilikuwa nabonyeza sifongo kutafuta raha yake!

Nikamwambia, pale kuna magari ya kunyanyua mizigo yanarudi nyuma, mwambie msimamizi wako. "Nikimwambia naondolewa kazini." Na ukigongwa? Akaichukua simu, akaitia mfukoni. Kukwepa kote huku wamemfundisha nyumbani kwao. Na mimi nimeolewa ndani yake.

Jioni mama mkwe akapiga, akataka kuongea nami. "Mwanangu, nasikia umenuna. Ndoa ni kusitiriana."

Nikasema: "Kumsitiri nitamsitiri, mama. Lakini mbona mlimsitiri hata kwangu?"

Akakohoa. "Haya si ya simu. Njoo tuongee." Sauti imeshuka, kama anayeomba.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu, hedifoni shingoni, macho mdomoni mwangu. Nilidhani siku zote ananitazama hivyo kwa mahaba. Kumbe anasoma.

Nikamgeuzia mgongo, nikautazama ukuta, nikaisogeza simu mdomoni.

"Nitakuja, mama," nikasema taratibu. "Kabla mwezi huu haujaisha. Nitakuja peke yangu."