Tisa Iliyokatwa Mstari

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, ajuaye kinachomuuma mja kabla mja hajafungua kinywa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake.

Mke wangu mpendwa, Mama Zuhura,

Assalamu alaykum huko uliko, katika makazi ambayo sisi tuliobaki Ilongero hatujayaona, ingawa kila siku tunayakaribia. Watoto hawajambo. Alizeti ya mwaka huu imekwisha kukamuliwa na mashudu yamewekwa stoo, mahali pake palepale. Nakuandikia nikijua kwamba hutaisoma barua hii. Nimetaka isomwe na wengine, kwa sababu kosa nililokukosea nililifanya mbele za watu, na sioni haki kulitubia chumbani peke yangu.

Nianze na miguu yako. Ulipoletwa nyumbani kwangu ulikuwa na Kinyaturu chako chote na Kiswahili cha sokoni, na mimi, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini niliyelelewa madrasa, nilijipa kazi ya kukufundisha udhu. Tulipofika kwenye kuosha miguu, niliushika mguu wako wa kulia, nikapitisha maji kati ya vidole hadi juu ya kifundo. Ukatekenyeka, ukacheka mpaka birika likapinduka. Nilikukemea kwamba ibada haina mzaha. Ukanijibu kwa upole, "Mwalimu, mguu huu sikujiumbia mimi." Tangu siku hiyo ukaniita Mwalimu, hata baada ya watoto watano, hata mbele ya wakwe.

Uliumia kwenye ule mwamba nyuma ya nyumba, tunapoanika uwele. Mvua ilikuwa inakuja, nawe ulikuwa ukikusanya nafaka haraka, ukateleza. Nilipofika nilikukuta umekaa, mguu umegeukia upande usio wake, na bado ulikuwa unaniamuru niokoe uwele kwanza. Tulikupakia bodaboda, wewe katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimekushika kiuno, na kila shimo la barabara ya kwenda mjini nililisikia mgongoni mwako. Hukulia. Daktari alikipasua kifundo, akaunga mfupa kwa vyuma, na baada ya wiki kadhaa ukarudi nyumbani kwa magongo ya kuazimwa hospitalini.

Hapo ndipo ulipoanza ujinga wangu. Katika darasa langu la Alhamisi msikitini, wanawake wakiwa nyuma ya pazia na wewe miongoni mwao, nilizungumzia subira. Nikakutaja. Nikasema, tazameni mama huyu, amesimama juu ya vyuma na hajakosa rakaa hata moja, wala hamjamsikia akilalamika. Watu wakasema mashallah. Nilirudi nyumbani nimefurahi, na nilidhani nawe umefurahi. Sikujua kwamba siku ile nilikuwa nimekufunga mdomo.

Unaikumbuka kliniki ile ya mwisho. Daktari aliiweka picha ya eksirei kwenye mwanga, akasema mfupa umeunga vizuri. Jeraha lilikuwa limefunga. Kisha akatupeleka kwa muuguzi Pendo, yule binti mwenye sauti ndogo, aliyekuwa na fomu ya maswali. Alieleza bila haraka kwamba picha inaonyesha mfupa tu, haionyeshi mtu anavyoishi na mguu wake, na kwa hiyo fomu ile haijazwi na daktari wala na yeye. Majibu ni ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kila swali, mgonjwa ataje namba kuanzia sifuri, maana yake hakuna taabu yoyote, hadi kumi, maana yake taabu haivumiliki. Majibu hayo ndiyo yangemwonyesha daktari kama arudi kuuchunguza mguu siku ileile, au akupe tarehe ya mbali.

Ulianza kwa kumchekesha. Akakuuliza kama unapata shida kushuka ngazi. Ukamuuliza, ngazi za wapi, mwanangu, Ilongero? Akauliza kama unaweza kukimbia. "Nikimbie niende wapi," ukasema, "na mume ninaye?" Alipofika kwenye viatu vya kisigino kirefu ulimwambia amuulize Mwalimu kama ana nia ya kuvinunua. Pendo alicheka mpaka akaweka kalamu chini, nami nikatabasamu, kwa kuwa niliona mke wangu hajambo.

Kisha akauliza, "Mama, siku saba zilizopita, mguu umekuuma kiasi gani ulipokuwa umesimama?"

Hukufanya mzaha tena. Ulitazama sakafu. Ukasema, "Tisa."

Pendo akaandika. Nami, Mungu anisamehe, nilikohoa. Nikakuambia kwa sauti ya chini, ile sauti ninayomrekebishia mwanafunzi aliyekosea kisomo, "Mama Zuhura, sema alhamdulillah."

Ukasema alhamdulillah. Kisha ukasema, "Andika mbili."

"Mama, ni mbili au ni tisa?"

"Mwalimu ameshasema. Mbili."

Yule binti alinitazama. Akaniambia kwa adabu, akianza na samahani baba, kwamba kumshukuru Mungu na kutaja maumivu vinaweza kukaa katika kinywa kimoja. Nilimjibu kuwa sisi hatushtaki mapenzi ya Mola wetu kwa viumbe. Hakubishana na mzee. Maswali yote yaliyobaki, ya kutembea kwenye mawe, ya kulala, ya kuchuchumaa, uliyajibu mbili, mbili, moja, mbili, bila kuinua macho. Tukapewa tarehe ya miezi sita mbele. Njiani nilikusifu.

Homa ilikuja kabla ya miezi hiyo kwisha. Mguu ulivimba usiku mmoja ukawa kama si wako. Walipoupasua walikuta usaha uliokuwa umejificha siku nyingi kwenye mfupa, chini ya vile vyuma, na haukuwa na pa kutokea. Wakaukata chini ya goti. Damu ilikuwa imekwisha kuchafuka.

Wodini uliacha Kiswahili. Ulizungumza Kinyaturu tu, tena kile cha utotoni, nami baada ya miaka yote ile ya kuishi nawe sikujua zaidi ya salamu na bei za vitu, kwa sababu siku zote ni wewe uliyenifuata katika lugha yangu. Nilimwomba jirani yetu Bi Asha, aliyekuwa akikuuguza, anifasirie. Alisita sana. Halafu akasema, "Baba Zuhura, anaongea na mama yake. Anamwambia mguu unamuuma."

Mama yako alikuwa kaburini miaka ishirini. Ulikwenda kumtafuta huko, kwa kuwa mimi niliyekaa kando ya kitanda sikuwa mtu wa kuambiwa.

Ulipofariki nilikuosha kwa mikono yangu, pamoja na wanawake wa ukoo. Tulikutia udhu wa mwisho. Nilipofika kwenye miguu niliosha mmoja. Nilipitisha maji kati ya vidole hadi juu ya kifundo, na hukutekenyeka.

Baada ya arobaini niliingia stoo kutafuta magunia. Nyuma ya mashudu nilikuta mkeka wako wa kusalia umetandikwa kuelekea kibla, na nyuma yake debe lililopinduliwa, juu yake kanga iliyokunjwa mara nne kama mto. Ndipo nikaelewa. Ulikuwa ukiswali umekaa. Dini imekuruhusu, mimi mwenyewe nimelifundisha jambo hilo kwa wagonjwa wa watu miaka thelathini. Lakini mwalimu wako alikuwa ametangaza kwamba unasimama, basi ukajifungia na debe lako ili usimwaibishe mumeo. Kumbe ulikuwa ukimficha nani, mke wangu? Mola alikuona. Aliyefichwa ni mimi.

Mwezi uliopita nilirudisha magongo hospitalini. Pendo alinitambua, akanipa kiti na pole. Nilimwomba anionyeshe ile fomu. Aliondoka kuomba ruhusa, akarudi nayo, akaishika yeye mwenyewe nami nikasoma. Nilitafuta swali la kusimama. Pana tisa, imekatwa mstari mmoja mwembamba, na kando yake pana mbili. Hakuikwangua. Mtu yeyote anaweza kuisoma ile tisa chini ya mstari.

Nikamwambia, "Binti yangu, naomba nirekebishe."

Akasema, "Baba, majibu ni ya mgonjwa mwenyewe."

Hakuyasema kwa ukali. Ni maneno yaleyale aliyotuambia mwanzo, na laiti ningeyasikia mwanzo.

Alhamisi iliyofuata nilisimama darasani. Niliwaambia watu kwamba somo langu la subira lilikuwa na kosa, na kosa hilo limezikwa pale makaburini. Nikawakumbusha kwamba Nabii Ayubu, ambaye hatuna mfano wake katika kusubiri, alimwambia Mola wake waziwazi kuwa dhara limemgusa, na hakuhesabiwa kuwa mlalamishi. Nikawaambia wanaume: ukimpeleka mkeo hospitali na akaulizwa anaumwa kiasi gani, toka nje, ukakae kwenye benchi, na kama huwezi kutoka basi nyamaza. Kisha, nyuma ya pazia, Bi Asha akasema, "Mwalimu, na mimi kisigino kinaniuma mwaka wa pili sasa, ila nilikuwa naona haya." Mwingine akasema wake ni enka. Mwingine naye akataja vidole. Niliketi, nikawasikiliza mmoja mmoja mpaka adhana ya alasiri. Ningetoa kila nilicho nacho ili sauti mojawapo iwe yako.

Watu wananifariji kwamba siku yako ilikuwa imefika. Naamini hivyo, nami sipingani na kadari. Lakini siku yako ingeweza kukufikia ukiwa umesikilizwa, na hilo halikuwa katika uwezo wa daktari, lilikuwa katika uwezo wangu.

Sasa stoo haiguswi. Debe lipo, kanga ipo. Baada ya alfajiri huingia pale, nikakaa chini, mbele ya debe lako, mahali pa mwanafunzi. Nakuuliza lile swali kama Pendo alivyokuuliza, polepole, kisha nanyamaza. Sikohoi. Mama Zuhura, mguu umekuuma kiasi gani?

Ewe unayeisoma barua hii, Mwenyezi Mungu akupe afya ya kiungo kwa kiungo, aibariki nyumba yako, na awajaalie waliomo humo kutaja maumivu yao bila kuogopa, na wewe akujaalie masikio ya kuwasikia wangali hai. Nawe, mke wangu, akulaze mahali pema, akurudishie mguu wako ukiwa mzima, wenye kutekenyeka. Amin.

Mumeo na mwanafunzi wako,
Baba Zuhura
Ilongero, Singida