Gitaa Lile Halikuwa Lako, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu, kwa mazoea, nikangoja uitikie. Hitima yako ya arobaini ilisomwa jana. Watu walikula, wakakuombea, wakaenda zao. Katika nyumba hii ya Magongo nimebaki peke yangu na kitanda chako, ambacho shangazi anataka kitolewe na mimi sitaki hata kisogezwe.

Siku ya matanga nilifanya jambo kwa jina lako bila ya idhini yako. Nikikueleza moja kwa moja hutaelewa, kwa hivyo vumilia nianzie kwenye bendi.

Kisiki Jazz mliianzisha wewe na sahibu yako Ami Athmani mkiwa vijana Frere Town, wewe gitaa, yeye sauti. Mimi nimekua nikijua kwamba duniani kuna Mungu, kuna Mtume, halafu kuna Kisiki Jazz. Kisha wenzako wakakutoa. Walikaa kikao hukuitwa, na habari ukaipata kwenye bango lililobandikwa ukutani karibu na soko, nyuso zote zipo isipokuwa yako. Ulirudi nyumbani ukaomba maji, ukayaacha mezani.

Baada ya hapo ikawa vurugu tupu. Mpiga dramu naye akatoka, mpiga tarumbeta akamfuata, wakaanzisha Kisiki Jazz yao Likoni. Kwa muda kulikuwa na Kisiki Jazz mbili, kila moja ikiapa ndiyo ya asili, na Jumapili moja zote mbili zikapiga saa ile ile, upande huu na ule wa kivuko. Ile ya Likoni ikafa. Wengine wakarudi kuomba msamaha lakini hawakudumu, wengine wakaona haya. Hatimaye katika wale wa mwanzo akabaki Ami Athmani peke yake, na waliobaki wote wakawa wageni. Wewe uliwaita viraka. Kiraka wa gitaa, kiraka wa dramu. Jina la Kalume, aliyeshika nafasi yako, hukuwahi kulitaja.

Na wewe hukuwa malaika, Baba. Nani mwingine alikuwa akisimamisha wimbo katikati, watu wanacheza, ili amkaripie mpiga dramu mbele ya ukumbi mzima? Nilikuona kwa macho yangu. Lakini kukutoa vile, bila kukuita, hilo halikuwa haki, na sitalisema vingine.

Sasa nikwambie la kwanza nililokuficha. Nilikuwa nikienda kuwasikiliza. Zile Jumapili nilizosema nimepangiwa kazi Airport, nilikuwa Changamwe kwenye dansi la mchana, nimejitanda buibui mpaka puani, nimekaa nyuma karibu na mlango wa jikoni. Mara ya kwanza nilikwenda kuwachukia. Nilitaka nisikie wameharibu nirudi nimeridhika. Wakapiga ule wimbo uliomtungia mama kwa jina lake, Saumu, nikajikuta mguu unacheza wenyewe. Kalume hapigi kama wewe. Anapiga taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Nilirudi tena, na tena. Nilijiona msaliti na nilikuwa na raha, vyote pamoja, na mpaka leo sijui binti mwema angefanya nini.

Kisha kiharusi kikakuchukua mkono wa kulia, na maneno mengi, na nguvu za kukasirika.

Unakumbuka alasiri ile redio ilipopiga Saumu? Nilikuwa nakulisha uji. Ulininyamazisha kwa mkono wa kushoto, ukafumba macho. Gitaa lilipoingia, vidole vyako vikaanza kutembea juu ya shuka. Ukasema pole pole, neno moja moja, "Hapo. Hapo nilipatia." Baba, hukuwa wewe. Ilikuwa rekodi mpya. Tarumbeta haimo, wameweka kinanda, wewe mwenyewe ungelijua hilo ukiwa mzima hata ukiwa usingizini. Ukaniuliza, "Ni mimi, ee?" Nikasema, "Naam, Baba. Ni wewe." Nilikufuta mdomo nikatazama kando.

Tangu hapo kila alasiri ukautaka. Nikautia kwenye simu, nikawa nakupigia kiraka yule yule uliyekataa kumtaja jina, na wewe ukimsifu ukidhani unajisifu. Siku moja, wiki mbili kabla hujatuacha, sauti ya Ami Athmani ilipopanda pale juu ukasema, "Athmani hapo ameimba, yarabi." Hilo tu. Miaka minne hukuwa umelitaja jina lake ila ukiongeza kwamba mtakutana mbele ya Mungu na huko atajieleza.

Ukafa alfajiri ya Ijumaa. Jeneza lako Ami Athmani alilibeba mpaka kaburini, niliambiwa, hakukubali kupokewa. Siku ya tatu alikuja mlangoni kwa wanawake, akasimama nje ya pazia, akaniita. Amezeeka, Baba. Kanzu ilimpwaya. Akasema, "Mwanangu Mwanaidi, mimi na babako tuliachana vibaya, na sasa hayupo wa kumuomba. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Aliniwia radhi?"

Ndani wanawake wote wakageuka kunitazama. Nikasema, "Amekuwia radhi, ami."

Alishika mwimo wa mlango akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka wanaume wakaja kumchukua. Shangazi akanibusu kipajini, akasema nimelelewa.

Lakini nililelewa kusema kweli, na wewe hukumwia radhi. Ulisifu sauti yake katika wimbo uliodhani ni wa zamani, wa siku zenu za urafiki. Nilichukua sifa uliyoitoa ukiwa umedanganywa, na aliyekudanganya ni mimi, nikaifanya radhi, nikamkabidhi. Lile lilikuwa dai lako. Ulilitunza miaka minne uende nalo kwa Mungu, na mimi nimelitoa mlangoni kwa neno moja. Nikifikiria umesimama huko na hoja yako, unaambiwa bintiyo ameshasamehe, mwili unanisisimka. Kibaya zaidi, sijui nilimhurumia mzee yule, au nilitaka tu yaishe ili nikakae kwenye dansi lao bila kujificha. Pengine ni hilo la pili. Naona haya kukuandikia, lakini kama sikwambii wewe nitamwambia nani.

Mama angekuwapo angejua la kufanya. Mimi nimeamua hivi. Jumapili nitakwenda Changamwe kabla hawajafungua, nimtafute Ami Athmani nimwambie ile radhi ilikuwa yangu, si yako. Yangu anayo, sitamnyang'anya. Yako akaiombe mwenyewe, aje kaburini, au asimame kwenye sala zake, atajua. Najua nitamuumiza, na pengine hatanitazama tena. Na Kalume nitamwambia kwamba mwenye wimbo alimsikia akadhani ni yeye mwenyewe. Sidhani kuna mtu aliwahi kumwambia lolote la maana tangu ashike gitaa lile.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akupanulie hapo ulipo, asikuache peke yako. Hayo mawili nimekuahidi na nitayatimiza. La tatu ungelitaka, nalijua, kwamba niwape mgongo, na hilo siwezi kukupa. Nikishasema nao sitaondoka. Nitavuta kiti mbele, uso wazi, niwasikilize mpaka wimbo wa mwisho.

Mwanao,
Mwanaidi